Nembo za Mama na Penseli ya Mpiga Picha

Mama yangu alikuwa na nembo usoni, na mimi nilizionea haya. Naanza na hilo kwa sababu watu wanaoandika habari za utoto wao hupenda kujipamba, wakatokea kuwa watoto wenye huruma na akili kuliko wakubwa wote wa mtaa. Mimi sikuwa hivyo. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mkaidi, mjuaji darasani, na nilikuwa tayari kumfuta mama yangu nusu ya uso ili nikae kwa raha kwenye dawati langu.

Tulikaa Chikongola, Mtwara mjini, miaka michache baada ya Uhuru. Baba alikuwa na shamba la mikorosho upande wa Naliendele, na kila wiki alirudi nyumbani Ijumaa. Mama aliuza mihogo ya kuchemsha na samaki wa kukaanga barazani kwetu. Alikuwa Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma. Alivuka mto akiwa msichana, akakaa Madimba kwa jamaa, akaolewa, akahamia mjini. Watu wa pwani waliwaita watu wa ng'ambo Wamawia, na neno lenyewe lilitamkwa kwa namna ambayo hata mgeni asiyejua Kiswahili angetambua kwamba si sifa.

Nembo zenyewe zilikuwa mistari ya pembepembe kwenye paji la uso na kwenye mashavu yote mawili, imechanjwa kwa kisu kidogo na kusuguliwa mkaa wa mbarika, ikabaki nyeusi kuliko ngozi. Bibi yake mama ndiye aliyekuwa fundi wa kuwachanja wasichana wa ukoo wao. Kwenye shavu la kushoto, mstari wa tatu ulikwenda kombo kuelekea sikioni, kwa sababu kisu kilipomgusa mama aliruka. Kijiji kizima kilimcheka, na yeye mwenyewe alicheka kila alipotuhadithia.

Wakati huo mji ulikuwa bado unakumbuka ulivyogawanywa. Waingereza waliupanga kwa rangi: Wazungu Shangani kwenye upepo, Wahindi madukani, na sisi wengine palipobaki. Hospitali na shule zilikuwa hivyo hivyo, kila rangi na mlango wake. Bendera ilipobadilika milango ilifunguliwa, na mimi nilikuwa kati ya waliofaidi, sikatai. Lakini vitabu havibadilishwi kwa siku moja, na shuleni kwetu tulikuwa tukisoma vile vile vya zamani, vimechakaa na kushonwa mgongoni kwa uzi wa gunia.

Katika kitabu kimoja cha kusoma kulikuwa na msichana wa Kizungu mwenye nywele za rangi ya mahindi. Alikuwa na jina, kaka yake alikuwa na jina, na mbwa wao alikuwa na jina. Mbele kidogo, katikati ya kurasa za wanyama na miti ya Afrika, kulikuwa na picha ya mwanamke wa Kimakonde mwenye nembo usoni na ndonya, kile kibao cha duara, kwenye mdomo wa juu. Yeye hakuwa na jina. Chini yake waliandika kabila tu, kama walivyoandika chini ya twiga kuwa ni twiga.

Mwalimu alinipa mimi ukurasa ule niusome kwa sauti. Nadhani hakuwa na nia mbaya. Nilikuwa msomaji mzuri na zamu ilikuwa yangu. Nilipofika chini ya picha darasa zima lilikwisha kugeuka kunitazama, kwa sababu wote walikuwa wamenunua mihogo kwa mama. Msichana niliyekaa naye dawati moja akasogea pembeni kidogo na kusema kumbe mama yako wamemtia kitabuni. Watu walicheka mpaka mwalimu akagonga meza. Nilisoma mpaka mwisho bila kukosea hata neno. Na tangu siku hiyo nilikoma kumjibu mama kwa Kimakonde, hata tukiwa wawili tu jikoni. Akiniuliza kwa Kimakonde, namjibu kwa Kiswahili. Alinitazama, akaendelea na kazi zake.

Vita vya ng'ambo, vya kumtoa Mreno, vilikuwa vimepamba moto. Watu walivuka Ruvuma na watoto mgongoni, Serikali ikawapeleka kambini, bara, mwendo wa siku nzima kwa lori. Siku moja dereva wa lori la unga wa kambi, mteja wa samaki wa mama, alileta habari. Kule kambini kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akimuuliza kila mgeni habari za dada yake, aliyevuka mto miaka mingi iliyopita. Alitaja kijiji na akamtaja bibi mchanjaji. Mama aliketi chini, palepale kwenye vumbi, mwiko mkononi. Alimwacha mdogo wake akiwa na miaka kumi na minne au kumi na mitano, ndiyo kwanza amechanjwa, na alikuwa ameshamlilia kama marehemu.

Mama alitaka apande lori siku hiyo hiyo. Dereva akamwambia asubiri. Yule mwanamke kambini alikuwa mwangalifu, na alikuwa na sababu zake. Jirani yake pale kambini alijiwa na mtu aliyejiita kaka, akaenda naye, kumbe anapelekwa kupalilia mikorosho ya mtu baki kwa sahani ya ugali. Kwa hiyo alikuwa amesema wazi kwamba hataki kuonana na mtu yeyote kabla hajaletewa picha ya uso wake. Uso ukiwa ndio, atakuja mwenyewe hata kwa miguu.

Ndivyo tulivyokwenda studio.

Studio ilikuwa moja mtaani kwetu, ya Mhindi wa Kiislamu aliyezaliwa Mikindani kwa baba aliyezaliwa Mikindani. Nasema hivyo kwa sababu sisi watoto tulikuwa na wimbo wetu wa kumwambia arudi kwao, na mimi niliuimba kama wengine, tena kwa sauti. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha nyumbani kwetu wote. Dirishani aliweka picha za kuonyesha kazi yake: maharusi wa Kihindi, ofisa mmoja wa Kizungu wa zamani na mkewe, karani mwenye tai. Wote nyuso zao zilikuwa laini na nyeupe kuliko zilivyokuwa kweli. Jirani yetu mmoja mwenye makovu ya ndui alipiga picha pale, akatoka kama yai lililomenywa, na mtaa mzima ukaenda kumtazama.

Basi nilijua kwamba yule bwana ana namna ya kufanya.

Mama alivaa kanga mpya na akaketi mbele ya pazia lililochorwa ngazi za jumba la kifahari. Hakujua acheke au anune, akakaa ametoa macho. Picha ilipokwisha kupigwa alitoka nje kufunga kanga upya. Mimi nikabaki nyuma, nikamsogelea yule bwana na kumuuliza kwa sauti ndogo kama anaweza kuzifuta. Nilimwonyesha mashavu yangu kwa vidole. Aliniuliza kama mama ndivyo anavyotaka.

"Ndiyo," nilisema. "Ameniagiza nikuambie."

Ulikuwa uongo mfupi kuliko wote niliopata kusema, na ndio uliotembea mbali zaidi. Nikaongeza kwamba naomba nakala mbili, moja iwe yangu.

Nilijua picha ni ya kumtambulisha mama kwa ndugu yake. Hilo nalikiri, maana miaka mingi nilijidanganya kwamba sikuelewa. Lakini kichwani mwangu macho ni yale yale, pua ni ile ile, nani asingemjua? Nilichokitaka mimi ni ile nakala yangu. Nilitaka kuwa na mama mmoja kwenye karatasi ninayeweza kwenda naye shule.

Picha zilipokuwa tayari nilizichukua mwenyewe. Uso wa mama ulikuwa safi, umeng'aa, hauna hata mkwaruzo. Nilimpa nakala yake. Aliishika, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Nilingoja kofi. Baadaye alisema kwa upole kwamba kumbe kamera haioni nembo. Alikuwa amezitazama picha zote za dirishani na hakuona hata mtu mmoja mwenye nembo. Kwenye magazeti ya kufungia samaki pia hakupata kumwona. Akawa ameridhika kwamba chombo kile kina upofu wake, kama vile kuku asivyoona usiku. Alisikitika kidogo. Akasema damu haipotei, mdogo wake atamjua kwa macho.

Na mimi nilimwacha aamini hivyo. Nakala yangu niliitia ndani ya daftari la hesabu, nikampelekea jirani yangu wa dawati, akasema ah, kumbe mama yako mzuri. Wiki nzima nilitembea kichwa juu.

Jibu lililetwa na dereva yule yule, barua ya mistari michache iliyoandikwa na karani wa kambi. Mimi ndiye niliyekuwa msomaji wa nyumba, kwa hiyo nilisimama barazani nikaisoma. Yule mwanamke alishukuru kwa picha. Alisema huyu aliyemo simjui. Dada yangu uso wake umeandikwa na bibi yetu, na huyu hana kitu. Tafadhali msinitumie tena mtu.

Mama aliniambia nirudie. Nikarudia. Samaki walikuwa wanaungua kwenye karai na hakuwageuza.

"Basi si yeye," alisema. "Mdogo wangu angenijua."

Aliikunja barua akaifunga kwenye pindo la kanga, akaanza kuwaepua samaki mmoja mmoja, weusi tititi, akiwapanga kwenye sinia kana kwamba bado wanauzika. Dereva, asijue pa kutazama, akasema labda ni heri hivyo, maana kambi ile imejaa na watu watahamishiwa mbali zaidi, magharibi, ambako lori lake halifiki. Safari yake inayofuata ingekuwa ya mwisho kabla hawajahamishwa. Ingekuwa baada ya siku nane.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikatapika. Sisemi hivyo ili mnionee huruma. Nasema kwa sababu ndiyo mara ya kwanza nilipojua kwamba aibu ina ngazi, na mimi nilikuwa nimekimbia ya chini nikaparamia ya juu yake.

Kesho yake sikwenda shule. Nilikwenda studio kabla yule bwana hajafungua dirisha, nikamwambia kila kitu mlangoni, hata ule uongo. Nilitaka kujua jambo moja tu, kama alichokifuta kinaweza kurudi. Nilifikiri atanifukuza. Akaniambia niingie.

Kwenye chumba cha ndani kulikuwa na meza ndogo yenye kioo kilichoinamishwa na taa nyuma yake. Alitafuta kwenye makasha ya bahasha mpaka akaipata negativu ya mama, ile filamu ya kuchapia picha, akaiweka juu ya kioo. Nikamwona mama kinyume, uso mweupe, nywele nyeupe, macho kama ya mzimu. Kando ya kioo kulikuwa na kisu chembamba na kopo la penseli. Nilidhani alikuwa amezikwangua nembo kwa kile kisu, na kitu kilichokwanguliwa hakirudi. Nikamuuliza.

"Kisu ni cha kupunguza weupe kwenye picha," alisema. "Penseli ni ya kupunguza weusi. Kisu hiki nilikinunua mwaka niliofungua duka, na mpaka leo hakijawahi kunolewa. Penseli nanunua kila mwezi."

Akachukua pamba, akaichovya kwenye tapentaini, akaipitisha taratibu juu ya shavu la mama. Penseli ikatoka, pamba ikawa ya kijivu. Mistari ikatokea mmoja baada ya mwingine, myembamba na inayong'aa, na wa tatu ukaenda kombo kuelekea sikioni. Nililia kwa sauti, sikuweza kujizuia. Zilikuwepo muda wote.

Alipokuwa anangoja karatasi zikauke aliniambia mambo ambayo sikuyategemea kwa mtu mzima. Kwamba kila anayeingia pale, awe Mhindi, Mwarabu au Mwafrika, huomba jambo lile lile. Kwamba yeye mwenyewe, alipooa, alikaa kwenye kioo kile siku mbili akijipaka penseli usoni kwenye negativu, ili ndugu wa bibi harusi waliokuwa Bombay wasione amekuwa mweusi kwa jua la Mikindani. Akanionyesha ile picha ya harusi iliyoning'inia ukutani. Nilimtazama yeye, nikaitazama picha, nikaona ni kweli. Yule wa ukutani alikuwa mtu mwingine. Nilikumbuka wimbo wetu wa kumfukuza, uso ukanichoma. Yeye alikuwa na umeme na duka na sisi tulikuwa na kibatari, hilo halikubadilika siku ile. Lakini kumbe naye alikuwa na mtu wa juu yake aliyemfanya ajifute.

Nilirudi nyumbani na picha mpya, nikampa mama. Aliitazama kwa muda.

"Kumbe kamera inaona," alisema.

"Inaona, mama. Mimi ndiye niliyeomba zifutwe."

Nilimwambia kwa Kimakonde, na Kimakonde changu kilikuwa kimepata kutu. Aliniuliza kwa nini, nikamweleza habari za kitabu na darasa. Akasema nikilete. Nilikitoa kwenye mkoba nikamfungulia ukurasa ule, nikitazama chini. Mama hakuangalia maandishi, ambayo hayakumfaa kitu. Aliinama juu ya yule mwanamke asiye na jina, akamfuata shavu kwa kidole kilichokuwa bado na mafuta ya samaki.

Huyu ni wa bondeni, akaniambia. Tazama pembe zake zilivyofungwa. Fundi wa upande wa kwetu hafungi hivyo, anaacha wazi. Na mkono wa fundi huyu ni mwepesi, alikuwa mzuri. Ameketi hivi kwa sababu ndonya ni mpya, bado inamuuma. Kisha akauliza kama aliyeandika kitabu hakumuuliza mwanamke mwenyewe. Nikasema naona hakumuuliza.

Miaka mingi ya shule ilinipitia baadaye, lakini sidhani kama nimepata tena somo la kusoma linaloshinda lile. Ukurasa mmoja, na mimi niliyeusoma bila kukosea nilikuwa sijausoma kabisa.

Msifikiri yakaishia hapo kwa kukumbatiana. Mama alifunga kitabu, akasema maneno machache sana. Aliniuliza kama kweli alikuwa ananiaibisha. Nikasema ndiyo. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaniamuru niipeleke picha hii mwenyewe, na nikifika nimwambie mdogo wake kwa kinywa changu kilekile nilichotumia studio. Baada ya hapo hakunisemesha, hata siku ya safari. Chakula alinipa, ila alinitengea peke yangu, kama mgeni. Siku zile zilikuwa ndefu kuliko mwezi wa Ramadhani.

Nilisafiri na baba juu ya magunia ya unga. Tulifika alasiri. Kambi ilikuwa safu na safu za vibanda vya nyasi, na watu tayari wanafunga vyombo. Karani alikwenda kumwita yule mwanamke. Alipotokea kwenye kona nilishika mkono wa baba, maana niliuona uso wa mama juu ya mwili wa mtu mwingine. Alikuwa mwembamba, mrefu zaidi, anachechemea. Lakini mashavu, paji la uso, zile pembe zilizoachwa wazi! Ningemjua sokoni, ningemjua katikati ya watu elfu. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekifanya, vizuri kuliko nilivyoelewa nilipotapika.

Hakutaka kuipokea picha. Alisema ameshajibu. Baba alifungua kinywa, nami nikamvuta kanzu anyamaze, kwa sababu ilikuwa zamu yangu. Nilisema yote kwa Kimakonde kibovu, nikikwama, nikitafuta maneno, huku watoto wa kambi wakicheka namna ninavyosema. Nilisema nilidanganya, nembo zilifutwa kwa penseli, mama hakujua. Nikamnyooshea picha kwa mikono miwili.

Aliichukua mwishowe, nadhani kwa kunihurumia. Aliiinua kwenye mwanga. Kidole chake hakikwenda kwenye macho, wala pua, wala paji la uso. Kilikwenda moja kwa moja shavu la kushoto, mstari wa tatu.

"Aliruka," alisema.

Akaanza kucheka. Akageuza shavu lake la kushoto anionyeshe mstari wake ulionyooka, akasema yeye hakuruka, bibi alimsifu, na dada yake alimnunia wiki nzima. Alicheka mpaka akaketi chini, na alipokuwa chini kicheko kikageuka, akalia kilio cha miaka yote ile. Wanawake wa vibanda vya jirani walikuja, picha ikapita mkono kwa mkono, na kila mmoja aliweka kidole palepale.

Kabla hatujapanda lori alinishika mashavu, akayapapasa kwa dole gumba, matupu kama alivyoyatarajia.

"Na wewe," aliniuliza, "tutakujua kwa alama gani?"

Alinipakata safari nzima ya kurudi.

Sitaeleza walivyokutana barazani, ni yao. Nitasema tu kwamba mama alinisemesha jioni ile ile, na neno lake la kwanza lilikuwa kunituma chumvi, nami sijapata kukimbilia chumvi namna ile. Baada ya mwezi hivi yule bwana wa studio alikuja mwenyewe barazani, akavua kofia, akamwomba mama ruhusa ya kuiweka picha yake dirishani. Mama alimuuliza kama ataiweka na nembo zake. Akasema ndiyo, bila kuigusa. Mama akakaa pale dirishani, kati ya karani mwenye tai na maharusi wa Kihindi, akiwa ametoa macho, na Wamakonde waliotoka vijijini walisimama kumtazama kuliko walivyomtazama yeyote. Baadhi yao waliingia ndani. Miaka michache baadaye jamaa za yule bwana wengi waliondoka nchini, naye alibaki. Mara ya mwisho kumwona aliniambia penseli sasa ananunua mara moja kwa mwaka. Alikuwa anatia chumvi, lakini nilifurahi.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mwalimu, na kampeni ya kisomo cha watu wazima ilipofika Mtwara nilipewa darasa la akina mama, alasiri, kwenye chumba kile kile nilichosomea. Wanafunzi wangu wawili wa mbele walikuwa mama na mama mdogo. Kwa kweli walikuwa wasumbufu. Walinong'ona, walicheka, walinyang'anyana kifutio.

Vitabu vya kisomo vilikuwa vipya, vinanukia wino, vimechapwa Dar es Salaam. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya mwanamke Mwafrika mwenye jembe, na alikuwa na jina, limeandikwa kwa herufi kubwa. Nililitazama lile jina kwa muda mrefu kabla sijaanza kufundisha. Uso wake ulikuwa mweusi ipasavyo, hakuna aliyempaka penseli. Ulikuwa mtupu tu, laini, uso wa mtu wa mahali popote.

Siku ya kwanza ya kutumia vitabu niliandika ubaoni, nikageuka, nikamkuta mama ameinamia ukurasa, ulimi nje kwa bidii. Nilidhani ananakili jina. Nikasogea. Alikuwa anamchora yule mwanamke mashavuni, mistari ya pembepembe iliyoachwa wazi, na kwenye shavu la kushoto wa tatu alikuwa ameupinda kuelekea sikioni. Tulikuwa tumeonywa kwamba vitabu ni mali ya umma na visichorwe hata nukta. Mama aliinua macho akaniona nimesimama. Hakuficha kitu. Alingoja tu aone nitasema nini.

Nilisema jina alisome kwanza, ndipo aendelee. Alilisoma, silabi kwa silabi, kwa sauti, na darasa likarudia.

Mama mdogo aliuvuta ukurasa wake karibu, akasema wa kwake hataruka. Ncha ya penseli ikamvunjikia kwenye mstari wa kwanza. Akainyoosha kwangu, nikaichonga na kumrudishia.